Ramani za Zamani na Asili ya Jamaa Zetu

Watu wengi hudhani kwamba ramani ni kitu cha msafiri, au cha mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani wa jiografia. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita, jamaa zetu walipogombana juu ya kaburi. Katika makala hii nataka kuwaeleza wenzangu jinsi ugomvi ule ulivyoanza, jinsi ramani za zamani zilivyotusaidia, na jinsi kila mmoja wenu awezavyo kuzitumia kutafuta habari za wazee wake. Kazi yenyewe si ngumu. Yataka subira, kalamu ya risasi, na masikio ya kuwasikiliza wazee.

Ugomvi wenyewe

Kwetu ni Samia, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Sisi Wasamia tuko pande mbili za mpaka: wengine Uganda, wengine Kenya, na mto Sio wapita katikati yetu. Watu wa huku na wa kule tunaoana, tunazikana, na lugha yetu ni moja.

Baba yake bibi yangu, mzaa mama, amezikwa kwetu. Kaburi lake lilikuwa la udongo tu, na mvua za miaka mingi zilikuwa karibu kulisawazisha na uwanja. Jamaa wakakubaliana kulijenga kwa saruji na kuweka jiwe lenye jina lake na mahali alipozaliwa. Kila nyumba ilitoa mchango, na jamaa wa ng'ambo ya mto walileta mifuko miwili ya saruji. Kila jambo lilikwenda vizuri mpaka fundi alipouliza, "Niandike alizaliwa wapi?"

Katika sanduku la bibi mna karatasi moja ya zamani, cheti cha kazi alichopewa marehemu alipokuwa baharia katika meli za ziwa. Wino umefifia, lakini maneno yasomeka bado: mahali pa kuzaliwa, Sio, Uganda. Mjomba wangu akaisoma kwa sauti, akasema, "Basi, jambo limekwisha. Andika Uganda." Jamaa wa ng'ambo wakakataa. Walisema kwamba kitovu cha mzee kilizikwa kwao, karibu na Sio Port, na kila mtu ajua kwamba Sio Port iko Kenya. Mjomba akajibu kwamba karatasi ya serikali haiwezi kushindwa na maneno ya mdomo. Ndipo mmoja wao akasema neno ambalo halikupasa kusemwa mbele ya bibi: kwamba labda mzee alidanganya ili apate kazi.

Bibi hakujibu. Aliikunja karatasi, akairudisha sandukuni, akaingia ndani. Fundi alilipwa ujira wa siku ile akaenda zake, na jamaa wa ng'ambo wakaondoka bila kula. Kwetu mgeni akiondoka bila kula, si jambo dogo. Jioni bibi aliniita jikoni, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesoma. Baba yangu hakuwa mwongo. Nitafutie."

Kwanza ni mwaka

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa jiografia habari yote. Nilitumaini atanionyesha ramani mara moja. Badala yake aliniuliza swali moja tu: "Huyo mzee alizaliwa mwaka gani?" Sikujua. Akasema, "Basi usiiulize ramani kitu chochote kabla ya kujua mwaka. Ramani ni kama picha ya mtu. Yaonyesha uso wa siku ile ilipopigwa, haionyeshi uso wa leo."

Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Walihesabu kwa mambo makubwa: njaa, maradhi, nzige, vita, au kufika kwa kitu kipya. Kwa hiyo mwishoni mwa juma nilimpigia bibi simu, wala sikumwuliza mwaka. Nilimwuliza, "Bibi, baba yako alizaliwa wakati wa jambo gani?" Akanijibu bila kusita: mama yake alikuwa akisema kwamba gari la moshi lilipofika Kisumu, mtoto alikuwa akitambaa.

Jambo hilo lina tarehe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na ikafika ukingo wa Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901. Mahali ilipoishia paliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli. Ndiye aliyegongomea msumari wa mwisho. Siku hizi mahali hapo ni mji wa Kisumu. Ikiwa mtoto alikuwa akitambaa wakati huo, basi alizaliwa katika mwaka 1901, au mwishoni mwa 1900.

Sasa tulikuwa na mwaka. Mwalimu akasema, "Haya, tuitazame Uganda ya mwaka 1901."

Mpaka uliohama

Nilipoiona ramani ya Uganda ya miaka ile nilidhani mchoraji amekosea. Nchi iliyoandikwa Uganda haikuishia Busia wala Malaba. Iliendelea mashariki, ikapita Kisumu, ikapita nchi ya Wanandi, ikashuka katika Bonde la Ufa mpaka karibu na Naivasha.

Mchoraji hakukosea. Waingereza walipoitangaza Himaya ya Uganda mwaka 1894, maana yake ilikuwa ni nchi ya Buganda tu. Baadaye walizidi kuipanua, na upande wa mashariki wakaifikisha mpaka Bonde la Ufa. Nchi iliyobaki, kutoka huko hadi pwani, iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Ndiyo iliyopewa jina la Kenya mwaka 1920. Kwa hiyo reli ile, ambayo iliitwa Reli ya Uganda, ilipofika ziwani mwaka 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli.

Lakini serikali haikupenda reli moja itawaliwe na nchi mbili. Tarehe 1 Aprili 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilitolewa likatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Kisumu, Mumias, Nandi na Naivasha zikatoka Uganda siku moja. Upande wetu, mpaka mpya ulifuata mto Sio. Hesabu wewe mwenyewe: tangu gari la moshi kufika Port Florence mpaka Port Florence kutoka Uganda, haikupita hata miezi minne.

Mwalimu aliweka kidole chake juu ya mlango wa mto Sio, ng'ambo ya mashariki, akaniambia, "Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1901 alizaliwa Uganda. Mdogo wake akizaliwa katika nyumba ile ile mwaka 1903, hakuzaliwa Uganda. Nani kati yao aliyehama?"

Sikuwa na jibu. Nilifikiri juu ya jamaa zetu walioondoka bila kula. Mjomba alisema kweli, maana karatasi haikukosea. Wao pia walisema kweli, maana kitovu kilizikwa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa mwongo, hata marehemu.

Majina katika ramani za zamani

Mwenye kutafuta wazee wake katika ramani atapata taabu ya kwanza katika majina. Nitataja mambo matatu niliyojifunza.

La kwanza, majina mengi yaliandikwa kama yalivyosikiwa kwa Waswahili. Wasafiri wa Ulaya waliongozwa na watu wa pwani, na watu wa pwani husema nchi kwa U: Unyamwezi, Ukambani, Uhehe. Kwa hiyo Bunyoro imeandikwa Unyoro, na Busoga imeandikwa Usoga. Hata jina la Uganda lenyewe ni Buganda katika kinywa cha Mswahili. Ukiitafuta Busoga katika herufi ya B, huenda usiione, nayo iko mbele yako.

La pili, mahali pengi palitajwa kwa jina la mtawala wake, na jina likabadilika mtawala alipokufa. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasaini na kufika nchi ya Wanga mwaka 1883, aliandika mji mmoja kwa jina la Kwa Sundu. Usiutafute mji huo leo, hutauona. Maana yake ni kwa Shiundu, mfalme wa Wawanga. Thomson alipofika, Shiundu alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Mumia alikuwa akitawala. Katika ramani zilizofuata mji umeandikwa kwa jina la Mumia, nao ndio mji wa Mumias wa leo. Kama wazee wako wasema, "Sisi tulitoka kwa fulani," yakupasa kujua huyo fulani alitawala miaka gani, na nani alimfuata.

La tatu, majina mengine hayakuwa ya wenyewe. Ramani za zamani zimeandika Kavirondo juu ya nchi ya Waluo na Waluhya pamoja, lakini wenyewe hawakujiita hivyo. Wabukusu wameandikwa Kitosh, na Wakipsigis wameandikwa Lumbwa, nayo ni majina waliyopewa na wengine. Ukiyakuta majina ya namna hii, yanakili kama yalivyo ili ujue mahali, lakini usimwite mtu kwa hayo.

Tena majina yaweza kukusaidia kujua umri wa ramani isiyo na tarehe. Ukiona Ziwa Rudolf, ramani hiyo haikuchorwa kabla ya 1888, kwa kuwa ndio mwaka jina hilo lilipotolewa. Tangu 1975 ziwa hilo huitwa Turkana. Ukiona Tanganyika kuwa ni jina la nchi, wala si la ziwa tu, ramani ni ya 1920 au baada yake.

Jinsi ya kufanya kazi

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa.

Anza nyumbani, usianze maktabani. Mwulize mzee majina ya mito, vilima, miti mikubwa, masoko, na watawala. Mwulize pia jua lilichomoza upande gani wa ziwa au wa mlima, na safari ya kwenda sokoni ilikuwa ya muda gani. Andika kila jina kama alivyolitamka, bila kulisahihisha. Jina ulilosahihisha ni jina ulilolipoteza.

Kisha tafuta ramani ya leo iliyo kubwa. Iliyo nzuri ni ile ya kipimo cha 1 kwa 50,000, ambayo kila sentimita 2 ni kilomita 1. Ramani za namna hiyo zilichorwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka angani, nazo zaonyesha vijito, njia na vilima. Kwa Uganda ofisi ya serikali ya upimaji na ramani iko Entebbe. Kama shule yenu ina kabati la ramani, anza hapo.

Halafu tafuta ramani ya zamani. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu waliokaa karibu na maktaba kubwa, lakini sasa maktaba ya British Library ya London imeziweka katika intaneti ramani nyingi za kijeshi za Afrika ya Mashariki za kati ya 1890 na 1940. Vitabu vya wasafiri na watawala wa zamani pia vina ramani. Kimoja ni kile cha Harry Johnston juu ya Himaya ya Uganda, kilichotolewa mwaka 1902. Kwanza tazama pembeni mwa ramani: nani aliichora, mwaka gani, na kwa kipimo gani.

Hapo chukua karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Ilaze juu ya ramani ya leo, uchore vitu visivyopenda kuhama: ukingo wa ziwa, mito, vilele vya vilima. Usichore mipaka wala miji. Kama ramani ya zamani si ya kipimo kile kile, ikuze au ipunguze nakala yake mpaka zilingane. Kisha iweke karatasi yako juu yake, usogeze polepole mpaka mto ulale juu ya mto na ukingo juu ya ukingo. Hazitalingana kabisa, kwa sababu wachoraji wa kwanza mara nyingi walipima kwa dira na kwa hatua za wapagazi. Lakini utaona mahali penu pameangukia wapi.

Mwisho, rudi kwa mzee na karatasi yako. Usimwambie ulichokiona. Mwulize kwanza, kisha mlinganishe. Mimi nilimsomea bibi majina yaliyokuwa karibu na mlango wa Sio, moja moja. Alikuwa akichambua mchicha. Mengi aliyaacha yapite, lakini jina la kilima kimoja lilimfanya aweke sinia chini. Kumbe ndicho kilima ambacho baba yake alikuwa akikitaja kila alipokunywa pombe, akisema kwamba mbuzi wa baba yake walilala juu yake. Bibi hakupata kukiona kilima hicho maisha yake yote, nacho kiko mwendo wa asubuhi moja.

Mambo ambayo ramani haisemi

Sitaki mtu adhani kwamba ramani yajua kila kitu. Ilinisaidia, lakini pia ilinikaribia kunipoteza.

Katika ramani moja ya zamani niliona mahali peupe, pasipo jina hata moja, katikati ya nchi ambayo wazee wetu wasema ilijaa watu. Peupe hapana maana ya kwamba hapakuwa na watu. Maana yake ni kwamba mchoraji hakupita hapo. Wachoraji walifuata njia za misafara, na mtu aliyekaa mbali na njia hakuandikwa, hata kama alikuwa na ng'ombe mia.

Tena, ramani yaonyesha kwamba watu wameondoka, lakini haisemi kwa nini. Katika ramani moja niliona alama za vijiji kando ya ziwa. Katika nyingine ya baadaye, mwambao ule ule ni mtupu. Nilidhani labda ni vita. Bibi akaniambia neno moja: mbung'o. Kuanzia mwaka 1900 hivi, ugonjwa wa malale ulienea katika pwani za Ziwa Victoria na visiwa vyake. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa Uganda katika miaka michache. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake, waliokuwa Entebbe, walionyesha kwamba ugonjwa huenezwa na mbung'o. Tangu 1906 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu kutoka mwambao, na mwaka 1909 visiwa vya Sese vikahamwa. Wengine hawakungoja amri, walikimbia wenyewe. Babu zetu walikuwa miongoni mwao. Waliacha samaki na mitumbwi, wakapanda juu vilimani, na baadaye wakavuka Sio kuja upande wa magharibi. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa ng'ambo akazikwa huku.

Jambo hili sikulipata katika ramani. Nililipata kwa bibi na katika kitabu cha historia. Lakini bila ramani nisingejua kuuliza.

La mwisho, kipimo chaweza kukudanganya. Katika ramani ya 1 kwa 1,000,000, nukta yenye upana wa milimita 1 yafunika kilomita nzima. Ukisema, "Nyumba ya babu ilikuwa hapa," kwa kuonyesha nukta hiyo, umeonyesha kata nzima. Na karatasi hiyo haiwezi kukupa haki ya shamba la mtu. Mimi nilitafuta mahali pa kuzaliwa pa mzee mmoja. Sikutafuta ardhi, na yeyote atakayeianza kazi hii kwa tamaa ya ardhi ataleta ugomvi mbaya kuliko wetu.

Kwa wenzangu wa pande nyingine

Katika darasa letu nilipoeleza habari hii, wengi walidhani ni mambo ya Busia tu. Sivyo. Karibu kila upande wa Uganda una kisa chake.

Wenzetu wa West Nile, nchi yenu ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mwenye Kongo. Alipokufa mwaka 1909, nchi hiyo ikatiwa katika Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Basi ndugu watatu wa mama mmoja, waliozaliwa karibu na mahali palipo Arua leo katika miaka ya 1905, 1912 na 1916, walizaliwa chini ya serikali tatu bila mama yao kuhamisha jiko.

Wenzetu wa Kisoro, mpaka wenu ulitokana na mapatano ya 1910 baina ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Kama mna jamaa Rwanda na Kongo, tazameni ramani za kabla ya mwaka huo. Na kama wazee wenu walisoma au kufanya kazi Astrida, msiutafute mji huo kwa jina hilo katika ramani mpya. Baada ya uhuru wa Rwanda mwaka 1962 uliitwa Butare, na tangu 2006 huitwa Huye.

Wenzetu mlio na jamaa kati ya Waturkana, mjue kwamba nchi iliyo magharibi ya Ziwa Turkana ilikuwa ikihesabiwa Uganda mpaka mwaka 1926, ilipotiwa katika Kenya.

Jiwe

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani na karatasi tatu: moja ya mito na vilima, moja ya mpaka wa kabla ya 1902, na moja ya mpaka wa leo. Bibi akatuma watu ng'ambo. Walikuja, ingawa wengine walikaa karibu na mlango kama watu walio tayari kuondoka.

Nilizitandaza karatasi juu ya meza, nikaziweka moja juu ya nyingine, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Mzee mmoja wa ng'ambo akaniomba nirudie tarehe ile ya Aprili 1902. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia bibi akasema, "Dada, tulimsingizia marehemu. Tusamehe." Bibi akajibu, "Mmekuja. Yamekwisha."

Mjomba wangu, ambaye hapendi kushindwa, akasema kwamba basi sasa fundi aandike Uganda, kwa kuwa ramani yashuhudia. Mwingine akasema aandike Kenya, kwa kuwa ndiko mahali hapo palipo leo. Niliona ugomvi unarudi kwa mlango wa nyuma. Bibi akagonga meza kwa kidole, akauliza, "Baba yangu alipokuwa akitambaa, alijua yuko nchi gani?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Aliijua Sio. Andikeni Sio."

Ndivyo lilivyoandikwa. Jiwe lina jina lake, na chini yake maneno haya: Alizaliwa Sio. Siku ya kuliweka, watu wa pande zote mbili walikula.

Basi, wenzangu, bado tuna wazee wachache wanaokumbuka majina ya vilima na vijito ambayo hayako katika ramani yoyote. Likizo ijayo chukueni daftari, mkakae karibu nao. Ramani za zamani zimehifadhiwa, nazo zaweza kungoja. Wazee hawawezi.